Mashine ya Bata na Nundu ya Kigango

Habari hii nilipewa na wifi yangu Dorotea, Pasaka ile ya mvua za elinino, tumekaa jikoni kwake Kakese tunamenya karanga kwa sababu nje hapakuwa na mahali pakavu pa kuweka mguu. Yeye alikuwepo tangu mwanzo. Kipande kimoja cha habari alikuwa amekificha mwaka mzima na zaidi, akanitolea siku hiyo baada ya kuchungulia mlangoni mara mbili.

Kigango cha Kakese kilikuwa na chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, bati juu, sakafu ya saruji, kando ya barabara ya kwenda Mpanda mjini. Kilijengwa kiwe ofisi ya katekista. Ila katekista Melkiadi alipenda kufanyia ofisi nyumbani kwake, karibu na sufuria. Basi chumba wakapewa Rénovat na mkewe Thacienne, Warundi wa watu, wapole. Upande wa kushoto Rénovat anatengeneza redio, upande wa kulia Thacienne ana cherehani yake ya miguu. Kodi hawakutozwa. Walitakiwa kufagia kanisa na kushona kanzu za watumikiaji. Kufagia alifagia Thacienne, kushona alishona Thacienne. Rénovat alichangia mdomo.

Mwaka tisini na sita Rénovat alipanda treni kwenda Tabora kutafuta spea za redio, akarudi na sanduku la Wachina. Ndani mlikuwa na mashine nyeupe ya gemu, bunduki ya plastiki, na kaseti moja ya bata. Unachomeka kaseti kwenye mashine, mashine kwenye tivii, tivii kwenye betri ya gari, bata wanaruka, wewe unawapiga. Hawaliwi.

Humo humo kulikuwa na vitu vingine vitatu ambavyo Rénovat hakuviona na maana: ubao mrefu wenye vibonyezo vya herufi, kaseti ya njano isiyo na picha yoyote, na kijitabu cha Kichina. Thacienne hatupi kitu. Ubao akaufanya wa kupangia vifungo vya mashati, kila kifungo juu ya kibonyezo chake, visichanganyike. Kaseti ya njano ikawa kabari ya dirisha. Kijitabu akaanza kukikata patani za kola, vile vielelezo vya karatasi vya kukatia kitambaa, kuanzia mbele.

Haikuchukua wiki mbili, kwaya ikaisha. Yaani mazoezi ya Jumatano walifika akina mama watatu na mpiga ngoma. Melkiadi akatoka kuwatafuta vijana wake, akawakuta wote kwenye kile chumba, wamebanana kama dagaa, na katikati yao, amekaa kwenye kiti cha heshima, jicho moja amelifumba, bunduki mkononi, mzee Manyanda. Sasa Manyanda ndiye mwenyekiti wa kigango. Msukuma wa ng'ombe wengi, mtu wa kuheshimika mpaka Majimoto. Alipoulizwa, akasema alikuwa anawanyang'anya.

Kikao kikaitwa. Melkiadi akataka chumba kirudi mwisho wa mwezi, na hapo ni Novemba, mvua imeanza. Rénovat hilo halikumuumiza. Redio unaweza kuitengenezea hata chini ya kitanda. Lakini Thacienne alikuwa na vitambaa vya sare za watoto arobaini wa shule, vya bluu, vile vikiguswa na maji vinachuja mpaka mtoto anavaa rangi ya jivu. Shule inafunguliwa Januari. Nyumba yao ilikuwa ya nyasi, inavuja, sakafu ya udongo, cherehani ukiikanyaga inazama. Bila kile chumba hakuna sare, na bila sare hakuna mzazi atakayemletea tena hata kiraka.

Hayo Rénovat hakuyasema. Alisimama akasema hii siyo gemu. Akasema ni kompyuta, imevaa tu koti la bata.

Pale kikaoni hakuna aliyekuwa ameiona kompyuta kwa macho isipokuwa Manyanda, aliyeiona mjini imefunikwa kitambaa kama maiti, na alijua jambo moja, kwamba kompyuta ina ubao wa herufi. Akauliza kama ubao upo. Rénovat akasema upo. Manyanda akafurahi kupita kiasi, maana kama ni kompyuta, basi naye hakuwa anacheza. Akasema vizuri, ifanye kazi ya kigango. Ipange orodha ya nyama ya Kristo Mfalme.

Hapo inabidi nieleze hiyo nyama. Kila sikukuu ya Kristo Mfalme Manyanda anatoa dume, linachinjwa, kaya kumi na tatu za kigango zinaitwa moja moja. Anayeitwa wa kwanza anakata nundu. Wa mwisho anapata shingo, kwato, na pole. Orodha alikuwa anaiandika Melkiadi. Wa kwanza Melkiadi, halafu wazee, halafu waliompelekea kuku mwaka huo. Kila mwaka Wasukuma walisema Warundi wamependelewa, Warundi walisema Wasukuma wamependelewa, kwa kuwa ng'ombe ni wa kwao. Mwaka uliotangulia Dorotea alikuwa ameitwa wa kumi na tatu, yeye mjane, akamgonga katekista upawa wa utosini. Upawa ulivunjika. Ananiambia mpaka leo hajauungama, kwa kuwa anayepeleka majina ya waungamaji kwa padri ni huyo huyo Melkiadi.

Rénovat akasema kompyuta itapanga. Akaenda kunywa.

Thacienne habari alizipata mtoni, kwa Dorotea. Hakupiga kelele. Mumewe aliporudi alimuuliza swali moja.

"Baba Emelyne, unajua kuiendesha?"

"Kompyuta inajiendesha, mama. Ndiyo maana ni kompyuta."

Kesho yake asubuhi akatoa vifungo kwenye ubao, akavitunga kwenye uzi. Akachomoa kabari dirishani, akaifuta kwa upindo wa kanga. Dirisha likajifunga.

Mashine ile, kama nilivyoelezwa, ilikuwa kama chungu. Chungu hakijui maharage wala mlenda. Ukiweka kaseti ya bata, kinapika bata. Ukiweka ya njano, bata hawapo, tivii inakuwa ya kijani tupu, na kidoa kidogo kinafumba na kufumbua kama mtu anayesubiri umwambie kitu. Ukibonyeza herufi, inatokea. Rénovat alikaa mbele yake nusu saa. Akaandika jina lake. Mashine ikamjibu maneno mawili ya Kiingereza, akaandika tena, ikamjibu yale yale. Akasema imeharibika, inahitaji spea kutoka Tabora.

Thacienne akachukua kile kijitabu. Kola zilikuwa zimekula kurasa za mbele, lakini za nyuma zilibaki, na humo katikati ya vichoro vya Kichina mlikuwa na mistari ya herufi hizi zetu, kila mstari na namba yake: kumi, ishirini, thelathini. Kichina hajui, Kiingereza hajui. Ila patani anaijua. Aliwahi kushona kanzu ya padri kwa kutazama picha. Akasema hii nayo ni patani tu, mtu amekuandikia hatua, wewe fuata. Namba zinaruka kumi kumi kwa sababu ile ile inayokufanya uache upindo mpana kwenye sketi ya mtoto: ukitaka kuongeza baadaye pawe na nafasi. Kulikuwa na neno GOTO linajirudiarudia, na kila lilipotokea lilifuatwa na namba, akajua hilo ni rudi pale uanze tena, kama unavyorudi kwenye lisani ya vifungo vya shati ukaishona mara ya pili.

Patani ya kwanza aliyoiandika ilifanya tivii ilie kama kifaranga. Ya pili ikachora mstari. Ya tatu ilikuwa ndefu, mistari thelathini na miwili, ikagoma. Maneno yale mawili. Akaandika upya, ikagoma. Siku ya nne akaona ameruka nukta pacha mahali, ndogo kama tundu la sindano. Akaitia. Mashine ikatoa alama ya kuuliza, ikasubiri. Thacienne akaandika Sikujua. Ikauliza tena. Akaandika Dorotea. Akaandika Makoye. Alipochoka kuandika ikanyamaza kidogo, halafu ikamrudishia majina yote: Dorotea, Makoye, Sikujua. Akajaribu kwa wengine. Kila mara ilimpangia kwa a, be, che.

Ubaya wake ni kwamba ile mashine ilikuwa haina kumbukumbu hata ya kuku. Ukizima, imesahau yote: patani, majina, na wewe. Kila siku Thacienne alianza upya kutoka mstari wa kumi. Mchana anashona, jua likielekea mlimani anaandika. Kufika mara ya kumi na moja alikuwa anaandika huku anamsimulia Emelyne habari nyingine, kijitabu kimefungwa.

Kikao kikaja kutazama. Thacienne akaandika kaya zote kumi na tatu, mashine ikanyamaza, ikatoa. Wa kwanza Celestin.

Naomba mnielewe. Celestin alikuwa mlevi anayetambulika na mbwa wa vijiji vitatu. Aliwahi kulala kwenye kibanda cha kitubio, padri akamwacha akaendelea na wengine upande wa pili. Mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni pale, akasikia jina lake, akainuka akasema, "Nipo," kama ameitwa mbinguni. Wa pili Dorotea, yule wa upawa. Manyanda wa saba. Melkiadi akajitafuta juu, hayupo. Akashuka na kidole mpaka wa nane.

"Mashine hii haina adabu," akasema.

"Haina, mwalimu," Thacienne akamjibu. "Na haina shemeji hapa Kakese."

Wasukuma wakawatazama Warundi, Warundi wakawatazama Wasukuma, kila upande unatafuta nani amependelewa, haonekani. Amependelewa Celestin, na Celestin hana ndugu. Makoye, mtoto wa kaka yake Manyanda, akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoka nje.

Melkiadi hakukubali hivi hivi. Akasema siku ya sikukuu mashine yenyewe itaje, mbele ya watu, moja baada ya nyingine. Karatasi hapana, karatasi anaweza kuiandika mke wa mtu yeyote. Ikishindwa, funguo za chumba atazipokea pale pale. Manyanda akasema sawa.

Katikati ya hapo watu walijisumbua. Melkiadi alipita akasema jina lake la kipaimara ni Ambrosi. Jioni yake Manyanda akakumbuka kwamba wamisionari walimwita Adriano. Hadi Ijumaa kigango kilikuwa na Abrahamu watatu. Thacienne aliwapokea wote vizuri, akawapa kiti, akawaambia ataandika kama ilivyo kwenye daftari la ubatizo, mwalimu alete tu daftari. Daftari lilikuwa na mwandiko wa Melkiadi mwenyewe. Halikuletwa.

Jumamosi Rénovat alipeleka betri mjini kwa baiskeli kuchajiwa, na kwa haki yake tuseme aliirudisha akiwa hajalewa. Jumapili misa ikaanza. Kwenye mahubiri mzee Manyanda akashika tumbo, akatoka. Dorotea alikuwa amekaa dirishani. Alimwona akielekea chooni, akapita choo, akaingia kwenye chumba cha cherehani. Alirudi wakati wa komunyo, ana uso wa mtu aliyesali.

Saa saba dume lilikuwa limeshakatwa, mafungu kumi na tatu juu ya majani ya mgomba. Meza ikatolewa barazani, tivii juu, mashine, ubao. Thacienne akaandika patani yake yote kutoka mwanzo, watu wanamtazama mikono. Akatia majina. Akabonyeza. Hakuna aliyeona kitu. Jua la Kakese saa saba, tivii ukiitazama unajiona mwenyewe.

Wengine wakaanza kuguna. Thacienne akavua kitenge chake cha juu, akafunika tivii na kichwa chake, kama wale wapiga picha wa zamani wa mnadani, akasema kwa ndani sasa anaona. Melkiadi akasema lazima awepo shahidi humo ndani, asije akawa anatunga. Akakunja mikono ya shati aingie. Watu wakamtazama. Rénovat akamtazama. Katekista, na mke wa mtu, chini ya kitenge kimoja, mchana, siku ya Kristo Mfalme. Melkiadi akarudisha mikono ya shati taratibu. Akasema aingie mwanamke. Mwanamke aliyekuwa karibu ni aliyekuwa analinda upawa mpya.

Basi wifi yangu akaingiza kichwa. Ananiambia kulikuwa na joto kama ndani ya tanuru, na majina yamesimama pale kwenye kijani, mazuri, yamenyooka.

"Celestin," Thacienne akaita kwa sauti. Celestin akaenda akachukua nundu, akaikumbatia kama mtoto.

"Dorotea." Dorotea akaitikia kutoka chini ya kitenge, Makoye akampokelea fungu. Mbavu nene, na kipande cha ini.

"Jean Bosco."

Hapo picha ikaanza kupungua. Ikawa kama kitabu, ikawa kama kiberiti, ikawa nukta. Nukta ikazimika. Betri ilikuwa imekwenda na bata wa mwenyekiti.

Hiki ndicho kipande alichokificha.

"Imekufa," Dorotea akanong'ona.

Dorotea alisikia pumzi ya Thacienne. Nje Melkiadi alikuwa ameshauliza kwa nini pamekuwa kimya.

"Libérat," Thacienne akaita, kwa sauti ile ile ya kusoma. Akasubiri mtu achukue. "Libérate." Akasubiri. "Makoye."

Majina alikuwa nayo. Mwanamke aliyeandika kitu mara kumi na moja, mara ya kumi na mbili hahitaji kuonyeshwa. Dorotea akamkanyaga mguu.

"Jitajeni nyie sasa," akamnong'oneza. "Nani atajua? Paja bado lipo."

"Sisi ni wa kumi."

"Wa kumi ni utumbo, Thacienne."

"Manyanda," Thacienne akaita nje. Halafu, "Melkiadi." Halafu Odeta, na ndipo Rénovat, na Emelyne akaja kuchukua utumbo na kwato moja. Shadrack. Sikujua. Silvesta. Silvesta alichukua shingo, akasema shingo aliwahi kupewa hata zamani, ila safari hii hana wa kumnunia.

Dorotea aliniambia aliona ule ni ujinga, na bado anaona ni ujinga, paja ni paja. Lakini alipotoa kichwa kwenye kitenge na katekista akamuuliza mbele ya watu wote kama mashine ndiyo iliyotaja, alisema ndiyo, kaya zote kumi na tatu, aliona kwa macho yake. Nilimuuliza kama huo siyo uongo, na siku ya sikukuu. Akasema mbavu zilikuwa nene.

Melkiadi alitaka kuja kugusa tivii. Manyanda akamwahi. Alikuwa anatoka jasho tangu kwenye Jean Bosco, maana yeye peke yake pale nje alikuwa anajua ile betri imebakiwa na nini. Akasimama mbele ya meza akasema mashine imefanya kazi, kikao kimeona, chumba kinabaki kwa mwenye cherehani, na sasa watu waache maneno wawashe moto. Alipopita karibu na Thacienne aliinama kidogo.

"Betri ilitosha?" akauliza.

"Ilitosha, mwenyekiti."

"Mungu ni mwema," Manyanda akasema, akaenda zake kwa mwendo wa haraka kuliko umri wake.

Nyama ikachomwa, ikaliwa pale pale, kama desturi. Rénovat alizunguka kila moto akieleza jinsi alivyoifundisha mashine. Celestin hakupika nundu yake. Alilala nayo kifuani chini ya ukuta wa kanisa, mbwa wamekaa duara wanamheshimu. Kufika saa kumi shibe iliwashika wote. Melkiadi alikoroma kwenye benchi la kwaya, Manyanda kwenye kiti chake, kofia usoni. Rénovat usingizi ulimkuta katikati ya sentensi. Dorotea naye akajinyoosha kwenye mkeka barazani, upawa chini ya kichwa, na cha mwisho alichokiona kabla macho hayajafumba ni mlango wa chumba uko wazi.

Mvua ikaja, ile ya Novemba inayotangulia na vumbi. Ikapiga bati. Thacienne ndani alikuwa anakata uzi wa vifungo, anavirudisha kwenye ubao, kila kimoja juu ya herufi yake, vyeupe kushoto, vya bluu kulia. Kaseti ya njano akairudisha dirishani ili upepo uingie kidogo bila maji. Akapapasa vitambaa vya watoto arobaini kwenye rafu, cha juu, cha katikati, cha chini kabisa. Vikavu. Akakaa kwenye cherehani, mguu juu ya kikanyagio, akavuta kimoja akashona upindo mmoja, akaanza wa pili. Katikati ya upindo wa pili akalaza shavu juu ya kile kitambaa, akalala.